Ukiuguza Mtu Wodini, Uliza

Watu wetu wana adabu sana mbele ya daktari, na adabu hiyo wakati mwingine humuumiza mgonjwa. Utakuta mtu anajua kabisa kwamba mama yake huvimba uso akimeza dawa za salfa, lakini kwa kuwa hajaulizwa, ananyamaza. Semeni, ndugu zangu. Nimewauguza wazazi wangu wote wawili hapa Tabora, na ninaamini kwa dhati kwamba ndugu anayekaa kando ya kitanda ni mmoja wa wanaomtibu mgonjwa.

Anza na jina. Kwetu kina Ramadhani na kina Shabani wako kila mtaa, na wodi moja inaweza kuwa na wazee wawili wenye majina yaleyale. Baba yalimkuta. Zamu ya usiku ilikuwa imeingia punde, nesi akaja na bomba limeshavutwa dawa, akaita jina, baba akaitika. Kwa homa aliyokuwa nayo, angeitikia jina lolote. Nikauliza, "Samahani sista, hiyo ni dawa gani?" Akaitaja. Nikamwambia kwamba kwenye raundi ya asubuhi daktari alisema baba aendelee na vidonge tu. Akarudi mezani, akafungua mafaili mawili. Sindano ilikuwa ya mzee wa kitanda cha dirishani. Nesi yule hakununa. Alinishukuru, na tangu usiku ule kila akija alimwomba baba ataje mwenyewe majina yake matatu, kisha akayalinganisha na faili. Ndivyo inavyotakiwa. Ukimuuliza mgonjwa, "Wewe ndiye fulani?" atakuitikia tu.

Anayedhani kuulizana ni kudharauliana aangalie yaliyofanyika Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya upasuaji salama yenye vipengele 19, likaijaribu katika hospitali nane za nchi nane, na ya Ifakara ilikuwa mojawapo. Matokeo yalitoka mwaka 2009: kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha yenyewe ni maneno ya kusemezana. Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa anathibitisha jina lake, anachofanyiwa na mahali pa kupasuliwa. Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani anajitambulisha jina na kazi yake. Mwishoni nesi anathibitisha hesabu ya vifaa na pamba, na isipotimia, daktari bingwa naye anasubiri.

Kuhusu dawa, beba zote kwenye mfuko mmoja unapompeleka mgonjwa, hata zile za presha alizonunua dukani. Na za miti shamba msizifiche! Najua zinavyoingia wodini kwenye chupa ya chai, bibi kaambiwa asimwambie mtu. Kwa mama anayejifungua jambo hili ni la kufa na kupona. Akinywa mizizi ya kuharakisha uchungu, halafu mkunga asiyejua akamwekea dripu ya uchungu, kizazi kinaweza kupasuka. Mwambieni mkunga. Akiwagombeza, vumilieni, ila awe amejua.

Mkiruhusiwa kwenda nyumbani, usiondoke dirisha la dawa kabla hujarudia kwa mdomo wako: kidonge hiki vingapi, mara ngapi, siku ngapi. Kwa mtoto, ujue uzito wake wa leo, maana dawa mseto ya malaria hupangwa kwa kilo: mwenye kilo 14 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, mwenye 15 hupewa viwili. Parasetamo ya maji nayo soma chupa, kwani ipo ya miligramu 120 kwa mililita 5 na ipo ya 250. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kwa hiyo omba kikombe cha kupimia.

Nanyi wahudumu wetu, najua usiku mko wachache na wagonjwa wamejaa hadi chini. Lakini ile kauli ya "Kwani wewe ni daktari?" iacheni. Ndugu akishajibiwa hivyo mara moja, siku ya pili ataona kosa na atanyamaza. Na kosa lililokaribia kutokea lisemwe kwenye ripoti ya asubuhi bila kumtafuta wa kumlaumu, ili mafaili ya majina yanayofanana yawekewe alama mapema.

Dawa ikimdhuru mtu wako, akatokwa na vipele au akavimba, mrudishe kituoni haraka ukiwa na pakiti yake, kisha uombe taarifa ijazwe kwenye fomu ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa Tanzania. Pakiti usiitupe, namba ya toleo imeandikwa hapo.