Lori linavuja dizeli? Usianze na spana

Lori likianza kupoteza dizeli, kinachofuata huwa ni spana au lawama. Fundi anakaza kila nati iliyolowa, au mwenye gari anaanza kumtazama dereva wake kwa jicho la kuhesabu lita. Mimi ni fundi wa injini za dizeli hapa Tanga, na wenye magari, madereva na vijana wanaojifunza kazi gereji nawaambia jambo hilo hilo kila siku: osha kwanza. Usikaze, usinunue kifaa, usimtuhumu mtu, mpaka uone kwa macho yako tone linatokea wapi.

Dizeli haikai pale ilipotokea. Petroli ikivuja hukauka upesi, dizeli haikauki. Inatambaa juu ya chuma, inafuata bomba, inazunguka bolti, upepo wa feni unaisukuma nyuma, halafu inakwenda kudondokea mahali pasipo na kosa lolote. Vumbi likija juu yake linakuwa tope jeusi. Ukilala chini ya gari unaona sampu (bakuli la oili chini ya injini) imelowa, pampu imelowa, giaboksi imelowa, na kila kifaa kinaonekana kibovu.

Nitaeleza kwa Fuso moja ya Muheza, maana ndani yake kuna karibu yote ninayotaka kusema. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara, na msimu wa machungwa gari lake hupakia mzigo kwenda Dar es Salaam. Lilianza kula mafuta kuliko zamani. Gereji aliyokwenda kwanza ilimwambia pampu ya dizeli ishushwe, ifunguliwe, ibadilishwe sili zote. Hiyo ni kazi ya fedha nyingi. Lakini lililomsumbua zaidi ni kwamba uwanjani kwake palikuwa pakavu. Kila asubuhi anaangalia chini ya gari, haoni hata tone. Mafuta yanapotea safarini tu. Ndugu zake wakamalizia hesabu kwa upande wao: dereva anauza njiani.

Dereva alikuja nalo kwangu yeye mwenyewe. Akaniambia, "Fundi, nakuomba uangalie kwa makini. Mafuta ya mama mimi sijawahi kuyagusa."

Sasa, ile habari ya uwanja mkavu ndiyo iliyonionyesha njia. Mfumo wa dizeli una pande zake, na kila upande unavuja kwa tabia yake.

Upande wa kwanza ni wa kuvuta, kutoka tangini hadi pampu ndogo inayonyonya mafuta. Hapa injini ikiwaka, ndani ya bomba mna mvuto, kwa hiyo tundu dogo halitoi dizeli, linaingiza hewa. Huoni tone. Unachoona ni gari linalokataa kuwaka asubuhi mpaka utumie pampu ya mkono, au injini inayokosa nguvu mlimani na kupandisha na kushusha mlio yenyewe. Likizimwa usiku, mafuta yanarudi tangini na hewa inachukua nafasi yake. Ila kama tundu liko chini ya kimo cha mafuta tangini, basi linadondosha gari likiwa limesimama.

Upande wa pili ni wa kusukuma. Kutoka pampu ndogo, kupitia filta, hadi pampu kubwa, presha ni ndogo, na uvujaji wake unaonekana kwa urahisi. Kutoka pampu kubwa kwenda kwenye nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, ni habari nyingine kabisa. Kwenye injini za zamani nozeli hufunguka kwa presha inayofika bar 200 au zaidi, na hizi mpya za komoni reli, ambazo bomba moja la presha hulisha nozeli zote, zinapita bar 1,600.

Upande wa tatu ni wa kurudi, tunaouita ritani. Dizeli isiyochomwa inatoka kwenye nozeli na kwenye pampu, inarudi tangini kwa bomba lake. Ritani ikitoboka, inamwaga injini inapowaka. Ukizima, inaacha. Gari linamwaga barabarani, linarudi nyumbani likiwa safi.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuanza na ritani, lakini hata hivyo sikushika spana. Tuliosha injini na chesesi (fremu ya gari) kwa maji na sabuni ya unga, tukakausha kwa upepo wa kompresa, kisha nikapaka poda ya mtoto kwenye maungio ya mabomba. Poda ni kipimo kizuri kuliko tochi ya bei kubwa: ikiguswa na dizeli inabadilika rangi pale pale, na alama ya kwanza kulowa ndiyo chanzo. Hapa kwetu wengine hutumia chokaa kwa kuwa inapatikana tele. Sipendi. Chokaa ina chembe ngumu, na chembe ikiingia kwenye ungio lililolegea inakwenda kukwangua pampu.

Tukawasha injini, tukaiacha ipate moto, kijana akawa anakanyaga mafuta kidogo kidogo huku mimi naangalia kuanzia juu kushuka chini. Juu kushuka chini, usigeuze. Pampu ilikaa kavu. Nozeli kavu. Filta kavu. Nyuma ya kebini, pale bomba la chuma la ritani linapobanwa kwenye chesesi na kishikizo chenye mpira, poda ikaanza kulowa.

Nilifungua kishikizo kile. Chini ya mpira, bomba lilikuwa limeliwa na kutu hadi limekuwa na vitundu kama ncha ya sindano. Nje ya kishikizo, bomba hilo hilo zima. Magari ya pwani yanaumwa hivi sana. Hewa yetu ina chumvi, mpira wa kishikizo unashika maji na chumvi na vumbi kwa pamoja, na chuma kinaoza mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Anayefanya kazi kati ya bandarini, Horohoro na barabara ya Pangani afungue vishikizo vyote vya mabomba angalau mara moja kwa mwaka. Haichukui muda, na haigharimu chochote ila mikono kuchafuka.

Mama nilimpigia simu. "Mama, pampu yako nzima. Ni bomba la kurudisha mafuta." Akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikamwambia aje aone mwenyewe, naye akaja, akainama akaangalia vitundu vile gari likiwaka. Kisha akamgeukia dereva wake na kumwomba radhi mbele yetu sote. Nilifurahi kuliko malipo. Kijana anayesemwa mwizi kwa kosa la bomba la kutu hana pa kujitetea, na wako wengi waliopoteza kazi bila mtu yeyote kulala chini ya gari hata nusu saa.

Kabla sijaendelea, kuna uvujaji ambao si ubovu. Ukijaza tangi mpaka mdomoni asubuhi na mapema, kisha ukaegesha gari kwa mteremko na jua la Tanga likalipiga, dizeli inatanuka na kutafuta pa kutokea. Lita 200 zikipanda joto nyuzi 15 zinaongezeka karibu lita 2 na nusu. Zitatokea kwenye mfuniko au kwenye bomba la kupumulia. Acha nafasi kidogo juu, tatizo limekwisha.

Ukishuku upande wa kuvuta, kipimo chake ni kingine, maana poda haisemi kitu. Chukua kipande cha mpira mwangavu unaostahimili mafuta, kiunge kabla ya pampu ndogo, washa injini utazame. Mapovu yakipita mfululizo, hewa inaingia. Kisha weka galoni safi la dizeli kwenye usawa wa tangi, vuta mafuta kutoka hapo badala ya tangini. Mapovu yakikoma, ubovu uko kati ya tangi na pale ulipounga. Yakiendelea, uko mbele yake. Nusu ya gari umeshaiondoa kwenye mashaka bila kufungua kitu cha maana. Angalia pia kikombe cha kuchujia maji na oringi yake, na pampu ya mkono yenyewe, maana hizo huingiza hewa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Matengenezo yenyewe ni mepesi ukishajua mahali. Bomba la chuma lililooza tunalikata lote na kuweka jipya. Kuziba kwa gundi ni kuahirisha, maana kutu iliyotoboa hapa inatoboa na pembeni. Mpira uwe wa mafuta, sio ule wa kumwagilia bustani. Dizeli inaulainisha na kuuvimbisha mpaka unapasuka. Washa za kopa, yaani zile pete bapa za kuziba maungio, zikifunguliwa, weka mpya. Usipozipata, zilizopo zichome hadi ziwe nyekundu, zitie kwenye maji, kopa inalainika tena na kukaa vizuri. Ila ziwe hazina mikwaruzo. Washa za aluminiamu usizirudie. Na ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji usiifunge kwenye maungio ya dizeli. Haizibi pale, na vipande vyake vinasafiri hadi kwenye pampu.

Kuhusu kukaza: nati ya bomba la nozeli ikivuja na ukikuta haijalegea, usiongeze nguvu. Kichwa cha bomba kimekwaruzwa au kimepinda, na nguvu itakipasua. Badilisha bomba. Angalia kama vibanio vinavyoshika mabomba hayo vipo vyote, kwa sababu pasipo kibanio mtetemo unalipasua bomba jipya pia. Bomba la presha halichomelewi.

Presha hiyo niiseme kwa uzito wake. Usipitishe kidole wala kiganja kutafuta mahali dizeli inapochuruzika kwenye bomba la nozeli injini ikiwaka. Tumia kipande cha boksi gumu, kiwe na mpini. Mchirizi mwembamba usioonekana unapenya ngozi kama sindano, na jeraha linaonekana dogo, halitoki damu ya maana, mtu anapangusa anaendelea na kazi. Ndani, dizeli inaua nyama. Likitokea, nenda hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo, usisubiri uvimbe, na umwambie daktari wazi kwamba ni dizeli ya presha, kwa sababu huenda ukahitaji kupasuliwa haraka. Na ule ujuzi wa zamani wa kulegeza nati ya nozeli injini ikiwaka ili kujua silinda ipi haifanyi kazi, kwenye komoni reli usiufanye kabisa. Zima, subiri presha ishuke, ndipo ufungue.

Tangi likitoboka njiani, madereva wa zamani husugua sabuni ya kipande kwenye tundu. Inafanya kazi, kwa sababu dizeli haiyeyushi sabuni, nayo itakufikisha. Usiichukulie kama matengenezo. Na kuchomelea tangi "tupu" ni hatari kubwa kuliko tangi lililojaa, maana mvuke uliobaki ndani ukikutana na moto unalipua. Litolewe kwenye gari, lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, na mchomeleaji awe ni mtu anayeijua kazi hiyo.

Kuna uvujaji mmoja ninaouogopa kuliko yote, na ni ule usiodondoka. Dizeli inapotea, nje kote pakavu, safarini na hata likiwa limesimama. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda kupita alama, nyepesi, inanuka dizeli, basi mafuta yanaingia ndani ya injini: kupitia sili ya shafti ya pampu, kupitia pampu ndogo, au kwenye injini ambazo ritani yake imepita chini ya kava la juu, kupitia washa zake. Usiwashe tena. Oili iliyochanganyika na dizeli haibebi uzito wa beringi, na injini inaweza kujifia hapo hapo. Rekebisha, mwaga oili yote, badilisha filta, ndipo uwashe. Dereva anayechomoa kijiti kila asubuhi na kujali kilichopanda kama anavyojali kilichopungua anaokoa injini nzima.

Na usidharau tone. Tone moja kwa sekunde, kwa saa 24, ni matone 86,400. Tukihesabu matone 20 hadi 30 kwa mililita moja, umemwaga kati ya karibu lita 3 na zaidi ya 4. Mbali na fedha, hiyo ni dizeli iliyo karibu na menifodi ya moshi na tabo vyenye moto wa kuiwasha, na ni dizeli barabarani kwenye kona, pale kijana wa bodaboda anapopita na abiria. Lami yenyewe inalainika. Iliyomwagika gereji imwagie mchanga au maranda, uzoe. Usiisukume kwa maji kwenye mtaro, kwa sababu mitaro yetu inaishia baharini.

Ukimaliza, toa hewa kwenye mfumo, washa, osha tena, paka poda tena. Jaza tangi hadi alama unayoiona, kwenye pampu moja ya kituo kimoja, gari likiwa mahali tambarare. Nenda nalo na mzigo hadi Segera, simama Hale uangalie chini likiwa bado na moto, rudi, ujaze tena pale pale na uandike lita. Baada ya siku chache za kazi, pitia tena maungio yote uliyofungua, kwa sababu washa mpya hukaa vizuri baada ya kupata moto na kupoa mara kadhaa. Iliyolegea kidogo kaza kwa kiasi. Iliyolowa, fungua uanze upya na sabuni na poda.