Re: Manowari kwenye picha ya babu, Kilindini 1967 – ni Leander au Rothesay?

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, picha imepigwa kutoka ubavuni, namba imefifia, na unabishana na binamu yako. Leander na Rothesay ni aina mbili za frigeti (manowari za ukubwa wa kati) za Uingereza. Mbele haitakusaidia, maana zote mbili zina mzinga wa mitutu miwili wa inchi 4.5 na mwili wa nasaba moja. Mimi nilishawahi kukesha na picha ya namna hiyo nikihesabu matundu ya madirisha, kazi bure.

Anza na mlingoti wa nyuma. Ukiona rada kubwa kama fremu ya kitanda cha chuma imesimamishwa wima, hiyo ni Leander. Rothesay hazikuwa nayo. Kisha shuka nyuma: Leander ilijengwa tangu mwanzo na banda la helikopta ndogo ya Wasp na uwanja wake. Hapa ndipo watu wengi hujichanganya, kwa sababu Rothesay nazo zilianza kuwekewa banda miaka hiyohiyo ya 60, kwa hiyo banda peke yake si ushahidi. Kitanda kwanza.

Mwaka unaingia akilini kabisa. Kuanzia 1966 hadi 1975 Waingereza walizuia mafuta ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) yasipite Beira, bandari ya Msumbiji, na frigeti zao zilikuja kupumzika Mombasa.

Jina la meli siwezi kukutajia bila namba. Iskani upya sehemu ya ubavuni, ongeza tofauti ya mwanga na giza, tafuta herufi F, ndiyo inayoanza namba za frigeti. Ikisomeka F109, ni meli yenyewe iitwayo Leander, iliyoipa aina hiyo jina.