Re: Sikinde na Msondo, nani awe juu?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo katika orodha ya bendi za dansi za Dar es Salaam Mlimani Park, yaani Sikinde, iwekwe juu ya Msondo. Kwangu mimi Sikinde ni ya kwanza, ijapokuwa iliundwa mwaka 1978, wakati Msondo imekuwapo tangu 1964 ilipoitwa NUTA Jazz, ikawa Juwata, kisha OTTU.

Sababu yangu ni mpangilio wa vyombo: sikiliza zile nyimbo walizorekodi Redio Tanzania, hasa wimbo unapoingia kwenye chemko, yaani ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, ambapo magitaa hujibizana bila kugongana na tarumbeta zinaingia kwa pamoja, kisha zinanyamaza ili solo lipate nafasi yake.

Wanaompima Msondo kwa sauti ya Muhidini Gurumo wana hoja, lakini wakumbuke kwamba mzee huyo aliimba pia Sikinde, hivyo sauti yake haiamui ubishi huu. Nafasi ya tatu nampa Vijana Jazz. Maquis, samahani kwa mashabiki wake, inafuata.