Maswali ya Wasomaji: Nîmes, Mji Ulioagiza Maji Mbali

Picha ya Pont du Gard, daraja la Warumi lililopitisha mfereji wa maji kwenda mjini, tuliyoitoa toleo lililopita imeleta barua nyingi kuhusu Nîmes, mji wa kusini mwa Ufaransa ulioachiwa majengo mengi na Warumi. Tumejibu nne.

Mliandika kwamba maji yalisafiri kilomita 50 bila pampu. Mimi nikilaza bomba la mita mia na mteremko ukikosea kidogo tu, maji hayafiki. Wao waliwezaje? Na kwa nini mradi ulikufa? (Fundi bomba, Morogoro)

Ndugu fundi, umeuliza lile lililowanyima usingizi wao pia. Chemchemi ya Eure iko karibu na mji wa Uzès, kilomita 20 hivi kutoka Nîmes ukienda moja kwa moja. Lakini katikati kuna vilima vya mawe, kwa hiyo mfereji ulizungushwa pembeni hadi ukafika kilomita 50. Katika urefu wote huo maji yalishuka mita 12.6 tu, wastani wa sentimita 25 kwa kila kilomita. Juu ya daraja lenyewe yalishuka sentimita 2.5. Pima maji yako ingepata kazi!

Mteremko haukuwa sawa kila mahali, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kabla ya bonde la mto Gardon waliinamisha mfereji zaidi, ufike bondeni ukiwa chini kidogo, ili daraja lisihitaji kuwa refu kupita kiasi. Hata hivyo lilifika karibu mita 49 kwenda juu, kwa safu tatu za matao: 6 chini, 11 katikati, na juu 47 madogo, ambayo leo yamebaki 35. Safu mbili za chini zimejengwa kwa mawe yaliyochongwa na kupangwa bila chokaa kati yake, mengine yakiwa na uzito wa tani 6. Chokaa waliipeleka juu kwenye mfereji, maana huko ndiko kwa kuvuja. Walipiga plasta ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa. Mfereji una upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.8, hivyo mtu aliweza kuingia kuusafisha.

Usafishaji huo ndio uliokuja kukosekana. Maji ya Eure yana chokaa nyingi, nayo hujishika ukutani kama ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Mafundi walipokuwa wakiubandua, mji ulipata maji yanayokadiriwa kuwa lita milioni 40 kwa siku, sawa na maboza 4,000 ya lita 10,000. Kuanzia karne ya 4 matunzo yakalegea. Ukoko ukanenepa hadi kupita sentimita 40 mahali pengine, njia ikabana, maji yakapungua mwaka hadi mwaka. Mara nyingi hulaumiwa vita, lakini mfereji wenyewe unaonyesha ugonjwa wake: ukoko bado upo, unaonekana kwa macho.

Nimesoma kwamba maandishi ya mbele ya hekalu la Maison Carrée yaling'olewa zamani, lakini wataalamu wanajua yalisema nini. Inawezekanaje? (Mwalimu wa historia, Bukavu)

Mwalimu, herufi zenyewe zilikuwa za shaba. Kila moja ilikuwa na vijino nyuma, vikaingizwa katika matundu yaliyotobolewa kwenye jiwe. Herufi ziliondolewa, matundu yakabaki. Mwaka 1758 Jean-François Séguier, msomi wa hapohapo Nîmes, aliyanakili na kuyasoma kwa mpangilio wake, kwa kuwa vijino vya herufi moja havikai kama vya nyingine. Ugumu ni kwamba mpangilio mmoja unaweza kukubali herufi zaidi ya moja, kwa hiyo tundu peke yake halitoshi. Sharti neno zima likubaliane na majina na vyeo vya wakati ule.

Yaliyotoka ni majina ya Gaius na Lucius, wajukuu wa Kaisari Augusto ambaye aliwafanya wanawe, wote wawili wakafa vijana. Kwa hiyo hekalu ni la miaka ya mwanzo kabisa ya karne ya 1. Limesimama na nguzo zake 30 kwa sababu halikukosa mtu wa kulitumia: limekuwa kanisa, zizi la farasi, ghala la nyaraka na makumbusho. Septemba 2023 liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Kwa nini nembo ya mji wa Ufaransa ina mamba? Na mti ule ni mnazi? (Msomaji, Kigoma)

Ni mtende. Picha imetoka kwenye sarafu iliyopigwa Nîmes enzi ya Augusto: upande mmoja vichwa vya Augusto na jemadari wake Agrippa vikipeana visogo, upande wa pili mamba aliyefungwa mnyororo kwenye mtende. Mamba ni Misri iliyoshindwa baada ya vita vya Actium mwaka 31 kabla ya Kristo. Herufi COL NEM zilizo kwenye sarafu hiyo ni kifupi cha koloni la Nemausus, jina la mji wakati huo. Mfalme François wa Kwanza aliukubalia mji nembo hiyo mwaka 1535. Chenji ilipokosekana sokoni, watu waliikata sarafu hiyo katikati, kichwa kimoja huku na kingine kule; nusu hizo bado huokotwa.

Nasoma Lyon na nina siku moja tu. Nianzie wapi? (Mwanafunzi kutoka Mombasa)

Kwanza tazama tiketi. Stesheni ni mbili. Nîmes Centre iko mjini, dakika 10 kwa miguu hadi Arènes, uwanja wa maonyesho wa Warumi. Nîmes-Pont-du-Gard, iliyofunguliwa Desemba 2019, iko Manduel, kilomita 12 hivi nje ya mji, na licha ya jina lake, daraja haliko jirani. Ukishushwa huko, subiri treni ya mkoa ikupeleke Centre.

Anza na Arènes asubuhi: mita 133 kwa 101, safu mbili za matao 60 kila moja, nafasi ya watazamaji 24,000 hivi. Siku za tamasha la Feria, wakati wa Pentekoste na Septemba, huwa na mapigano ya fahali na ziara husimama, kwa hiyo angalia kalenda. Kisha Maison Carrée, halafu bustani za Fontaine kwenye chemchemi ya kale ya mji. Panda hadi mnara wa Tour Magne juu ya kilima. Umekuwa mtupu ndani tangu mwaka 1601, pale François Traucat, mtunza bustani, alipopewa ruhusa ya mfalme kutafuta hazina, akachimba hadi ukakaribia kuanguka. Hakupata kitu.

Ukishuka, usiupite mtaa wa Lampèze. Kuna birika la mawe la mduara, upana wa karibu mita 6, ambalo wageni wengi hawalijui. Maji ya Uzès yaliishia hapo. Hesabu matundu 10 ya ukutani, kila moja sentimita 40: ndimo yalimoanzia mabomba ya risasi kwenda mitaani. Matatu ya sakafuni yalikuwa ya kumwagia maji.