Nati ya ekzosi ikishika kutu, usikubali haraka ya mtu mwingine

Wiki hii dada mmoja wa Tanga ameniandikia. Ana Toyota Raum, ekzosi imetoboka karibu na injini, na gari linanguruma tangu anapoliwasha asubuhi mpaka anapofika kazini. Fundi wake amehangaika na nati zinazoshika bomba la mbele, moja imelika pembe zote, na sasa anamwambia dawa ni kukata bomba kwa grainda na kulichomelea moja kwa moja kwenye manifoldi, lile bomba la matawi linalopokea moshi kutoka kwenye injini. "Kaka, ni kweli hakuna njia nyingine?"

Njia ipo, dada yangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi, na mpaka leo yananiuma.

Naishi Kigamboni, jirani na bahari. Gari langu ni Noah, na kama magari mengi tunayoendesha hapa, lilitumika Japani kabla ya kuja kwetu. Kule Hokkaido na mikoa mingine ya kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hujificha kwenye chesisi na kwenye kila maungio ya ekzosi. Gari likishushwa pwani yetu linapokelewa na upepo wenye chumvi nyingine. Tunaponunua tunakagua rangi, viti na redio, ila kuinama kuangalia chini tunaona ni kuchafua shati. Inama. Karatasi ya mnada wa Japani nayo huandika kama gari lina kutu chini. Mwambie wakala akusomee sehemu hiyo kabla hujatuma pesa.

Sailensa yangu ilipotoboka nililipeleka gari kwenye gereji ambayo kila mtu mtaani alikuwa anaisifu. Jina silitaji. Kijana aliingia chini na boksi spana ya pembe kumi na mbili, akachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili apate nguvu, akaanza kuruka nalo. Nilimwomba: fundi, zipulizie mafuta kwanza tungoje, sina haraka. Akanijibu kwamba hawezi kukaa siku nzima na nati. Haukupita muda nikasikia mlio ule ambao kila aliyewahi kushika spana anaujua, stadi, yaani ile bolti isiyo na kichwa iliyozama kwenye manifoldi, imekatika shingoni. Kisha ya pili. Vipande vikabaki ndani ya manifoldi.

Waliponiletea bili, wakisema manifoldi imekufa, kulikuwa na bei ya manifoldi nyingine, stadi mpya na ufundi juu yake. Mwenye gereji akasema mbele ya wateja wengine kwamba mimi ndiye sijui kutunza gari. Nililipa sehemu ya pesa, nikalichukua gari likiwa linavuja moshi, nikaondoka. Siku zile tuliendesha vioo wazi, maana moshi wa ekzosi inayovuja kwenye manifoldi unaweza kuingia ndani, na monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo humo, haina harufu wala rangi. Nina watoto. Ndiyo maana nasema jambo hili si la kelele tu.

Aliyenisaidia ni mzee jirani yangu, mtu aliyefanya kazi ya mashine maisha yake yote. Alilitazama gari, akaniambia vipande vile vinatoka. Na vilitoka! Alichomelea nati mpya juu ya kila kipande kilichokatika, akaacha joto la uchomeleaji lifanye kazi, na kilipopoa kidogo akakizungusha kwa spana ya kawaida kikaja chote. Manifoldi ile ile niliyoambiwa imekufa ndiyo iko kwenye gari langu hadi sasa. Tangu hapo nikaanza kununua vifaa kidogo kidogo, na mwezi uliopita nimebadilisha ekzosi nzima nyumbani kwangu, kuanzia bomba la mbele mpaka mkia, bila kukata stadi hata moja. Najivunia, sifichi.

Sasa tuje kwenye nati yako. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ndani ya hesi, ile mikunjo ya nati na bolti, inakuwa kabari. Ukiongeza nguvu ya mkono tu, unaipinda bolti ambayo nayo imeshaliwa na kukonda, na hapo ndipo inakatika. Kinachotakiwa ni kuivunja ile kutu kwanza. Mafuta ya kulegeza kutu yanaingia, lakini polepole sana. Sugua hesi zinazoonekana kwa brashi ya waya, puliza jioni, puliza tena asubuhi, na katikati igonge nati kwa nyundo pembeni na kichwani. Si kwa hasira. Mtikisiko ndio unaofungulia mafuta njia. Mimi hupuliza siku kadhaa kabla ya kazi, gari likiendelea kutumika, ila kila mara kwenye bomba lililopoa.

Unapoanza kuzungusha, tumia boksi spana ya pembe sita, kamwe si ya pembe kumi na mbili, na iwe imeingia mpaka mwisho. Kwenye Toyota nyingi nati za ekzosi ni spana 14. Kabla ya kulegeza, jaribu kukaza kidogo sana. Ikisogea hata unywele, kutu imevunjika. Halafu legeza robo, rudisha, ongeza mafuta, legeza tena. Ikianza kuwa ngumu katikati ya safari, usiendelee mbele, rudi nyuma. Najua narudia, lakini wengi wanaikata bolti baada ya kuwa imeshaanza kutoka, kwa furaha ya kuona inazunguka.

Ikikataa kabisa, joto. Unaipasha nati, bolti unaiacha, kwa sababu unataka nati itanuke iiachie. Tochi ya gesi inatosha kwa nyingi, na zile sugu za kwenye manifoldi zinataka moto wa mchomeleaji mpaka nati iwe nyekundu. Ikiwa bado ya moto gusisha mshumaa kwenye hesi, nta inayeyuka na kuvutwa ndani. Futa mafuta yote uliyopuliza kabla ya kuwasha moto, hasa kama ni ule mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki ambao watu wanautengeneza wenyewe, maana unashika moto haraka. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini usiilete karibu kabisa. Ikikutana na moto au uchomeleaji hutoa gesi ya fosijini, na hiyo inaua. Karibu na tangi la petroli, mabomba ya mafuta na ya breki, moto hapana, na cheche za grainda pia hapana. Huko tumia msumeno wa mkono.

Hapa kuna tofauti ambayo fundi wako, dada, ameiruka. Ekzosi ina bolti za aina mbili. Zile zinazopita kwenye flenji mbili, vile visahani vinavyounganisha bomba na bomba, na kufungwa nati upande wa pili, za katikati na za nyuma, unaweza kuzikata bila majuto, unaweka mpya. Mimi mwenyewe huko nyuma sipotezi muda. Lakini stadi zilizozama kwenye manifoldi ni kitu kingine. Kule ndiko subira inalipa. Na nati iliyolika bado inakatwa yenyewe peke yake: unaipasua upande mmoja kwa tindo kali au kwa grainda ndogo, unasimama kabla hujagusa hesi za stadi, unaifungua kama ganda. Hakuna haja ya kukata bomba zima.

Na kabla hujaruhusu mtu akate bomba la mbele, muulize masega yako, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, yanabaki wapi. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanaoyanunua. Sisemi fundi wako ana nia mbaya, simjui. Nasema sehemu yoyote inayotolewa kwenye gari lako, ikabidhiwe kwako, hata kama ni chakavu. Bomba likishachomelewa kwenye manifoldi, siku nyingine ukitaka kubadilisha kitu kidogo, unakata tena.

Jambo moja ambalo sina mjadala nalo: usiingie chini ya gari lililosimama kwenye jeki peke yake. Kufungua nati ya kutu ni kuvuta na kusukuma, na gari linatikisika. Weka stendi mahali pagumu, zuia tairi, vuta hendibreki, vaa miwani maana kutu inadondokea machoni. Kama huna stendi, kazi hiyo isubiri mpaka upate.

Vijana wananiandikia wakiomba ujanja wa kumaliza haraka. Ndugu zangu, haraka ndiyo iliyoniletea bili ya manifoldi nisiyoihitaji. Ukikubali mtu alifanyie gari lako asichoweza kulifanyia la kwake, utalipa mara mbili, na utaambiwa kosa ni lako. Jifunzeni kusimama pale chini na kusema "acha, tungoje". Gari ni lako, pesa ni yako, na familia inayokaa ndani yake ni yako. Mteja anayejua stadi ni nini hadanganywi kirahisi, hata kama hatashika spana maishani. Na nyinyi mafundi wazuri, ambao mpo wengi, wafundisheni vijana wenu kupuliza mafuta kabla ya kuchukua bomba refu.

Dada, ukienda Kariakoo au dukani kwenu Tanga kununua nati mpya, beba ya zamani mkononi. Hesi za Toyota za milimita 10 kwenye ekzosi kwa kawaida zina hatua, yaani umbali kati ya mkunjo na mkunjo, ya milimita 1.25, na nati nyingi za kawaida za dukani zina hatua ya 1.5. Inashika mwanzoni, halafu inakwama na kuharibu stadi. Jaribu kwa vidole kabla ya kulipa. Nunua gasketi mpya pia, ile ya zamani usiirudishe. Paka grisi ya shaba kwenye hesi zote, isipokuwa za sensa ya oksijeni, ambayo hupakwa dawa yake maalumu. Kaza nati kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, mpaka flenji ilale sawa. Ukishaendesha na injini ikapata moto kisha ikapoa kabisa, rudi chini ukazikague tena kwa spana 14, kwa sababu gasketi mpya hujibana na nati hulegea kidogo. Mwambie fundi wako hayo, na akikataa, nitumie picha ya nati yenyewe.