Barua kwa Mwanangu: Mgonjwa wa Mazoezi Naye Awe na Siri

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa Lindi. Mama yako hajambo na anakusalimu sana. Umeniuliza kama yale mazoezi mnayofanya chuoni, mwenzako akijifanya mgonjwa na wewe ukijifanya tabibu, yanakufundisha kweli kuzungumza na wagonjwa, kwa maana darasani maneno yanakutoka bila shida, lakini ukifika wodini unajikuta unasoma maswali kama karani wa sensa. Umeuliza pia kama uwezo huu mtu huzaliwa nao.

Hilo la pili nitalijibu kwa ufupi: hapana. Nimefanya kazi na watu waliokuwa wachangamfu mno barazani, ambao mbele ya mgonjwa waligeuka wakali, na nimefanya kazi na wengine wasio na maneno mengi ambao wagonjwa walikuwa radhi kuwasubiri hata kama chumba cha jirani kilikuwa kitupu.

Kuhusu la kwanza, mazoezi yenu yana faida, ila naona mgonjwa wenu wa kuigiza ni mwepesi mno. Umeandika kuwa mwenzako hupewa karatasi yenye dalili, nawe ukimuuliza tu anakutajia zote kwa mpangilio, tangu siku homa ilipoanza hadi dawa alizokwisha kumeza. Mgonjwa wa namna hiyo sijapata kumwona. Mgonjwa wa kweli huja na jambo moja la kusema na jingine la kuficha, na mara nyingi lile analolificha ndilo lililomtoa nyumbani.

Chukua mfano wa busha. Katika pwani yetu hii, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, mabusha na matende ni maradhi yanayojulikana, na hata hivyo mwanamume mwenye busha ni nadra kuingia chumbani na kulitaja. Ataanza na kiuno, ataendelea na kukosa usingizi, hasa akikuta tabibu ni binti wa umri wa mjukuu wake. Ukiharakisha kumwandikia dawa ya maumivu atakushukuru na kurudi kwao na busha lake, ambalo lingeweza kutibiwa kwa upasuaji. Wapo wanaolisema wakiwa wamekwisha kushika kitasa cha mlango, na hapo tabibu mwenye foleni ndefu hujifanya hakusikia.

Kwa hiyo karatasi ya mwenzako iwe na sehemu ya pili ambayo wewe hukuiona: jambo ambalo hatalitamka mpaka umwamkie ipasavyo na umwache amalize maneno yake ya kwanza bila kumkatiza. Hilo la kutokatiza ni gumu kuliko unavyodhani. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa, wakakuta kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18, na kwamba katika mazungumzo 17 tu mgonjwa aliweza kumaliza kueleza kilichomleta. Mwombeni mwenzenu mmoja akae pembeni na simu apime muda wenu, halafu msibishane naye.

Kuhusu kuamkia, najua orodha ya mtihani inawapa alama kwa kujitambulisha jina. Ni jambo jema, lakini kwa mzee wa huku jina lako lije baada ya shikamoo, na msimu wa korosho hupotezi kitu ukimuuliza habari za shamba. Anayekuambia kuwa huko ni kupoteza muda hajui kuwa historia ya ugonjwa imekwisha kuanza kutolewa hapo.

Katika baadhi ya mazoezi ongezeni mtu wa tatu. Utapokea bibi kutoka Ruangwa anayezungumza Kimwera, au kutoka Newala anayezungumza Kimakonde, akiwa na mjukuu wa kumtafsiria. Bibi atasema kwa dakika nzima, kisha mjukuu atakwambia, "Anasema tumbo linauma." Jizoeze kumtazama bibi na si mjukuu, kuuliza jambo moja kwa wakati mmoja, na kuomba kwa upole uelezwe yote yaliyosemwa. Maswali ya sehemu za siri usiyapitishe kwa mjukuu kamwe. Mtafute muuguzi anayejua lugha hiyo.

Vilevile mwigize mama aliyeleta mtoto mwenye degedege baada ya kupita kwanza kwa mganga. Ukimfokea utakuwa umefunga mlango, na hutajua mtoto alinyweshwa nini wala ni saa ngapi zilizopotea. Swali la "Mmeshamsaidiaje nyumbani?" liulize kwa sauti ile ile unayoulizia umri wa mtoto. Sauti ndiyo ya kufanyia mazoezi hapo, kwa kuwa maneno yenyewe unayajua.

Mwisho wa mazungumzo usiulize, "Umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Mtu mzima anayepewa dawa mseto ya malaria huondoka na vidonge 24: vinne kwa kila dozi, dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula. Mwambie, "Nataka kujua kama nimekueleza vizuri, ukifika nyumbani utavimezaje?" Akikosea, kosa linakuwa la maelezo yako, naye haoni aibu.

Usione haya kuwa haya ni maigizo. Mwaka 1963, huko Los Angeles, daktari Howard Barrows alimfundisha mtu mwenye afya kuigiza mgonjwa wa mishipa ya fahamu ili wanafunzi wapimwe kwake, akabezwa kwamba ameleta sinema katika udaktari; leo njia hiyo inatumika katika vyuo vingi duniani. Lakini zamu ikifika, omba wewe uwe mgonjwa. Ukae na siri yako, mwenzako akiandika bila kuinua macho, uone ni lini hasa unaamua kutoisema.

Jumapili jioni nipigie simu, nami nitakuwa mgonjwa wako. Usiniite baba, na usitegemee nitakwambia mapema kilichonileta.

Baba yako