Jibu: Ningebakiwa na sehemu moja tu

Umeuliza, kama ningeruhusiwa kurudia sehemu moja tu ya vichekesho vya zamani vya televisheni, ningechagua ipi. Bila kusita: mazishi ya Chuckles, kwenye The Mary Tyler Moore Show, kichekesho cha Marekani kuhusu Mary na wenzake wa ofisi ya habari za televisheni, 1975.

Chuckles ni mchekeshaji wa watoto. Kavaa kama karanga kwenye gwaride, tembo akataka kummenya, basi, kwisha habari yake. Ofisini wote wanatania, Mary peke yake anawakemea. Siku ya mazishi wenzake wametulia tuli, kicheko kinambana yeye! Anajizuia, wapi. Mchungaji anamwambia acheke tu, Chuckles angefurahi. Papo hapo anaangua kilio. Hapo ndipo waandishi walipomaliza kazi.

Lucy na rafiki yake Ethel wa I Love Lucy, kiwandani na chokoleti zao (1952), nawapenda pia, ila watu huwasahau waume wa hao wawili waliobaki nyumbani, wali umefurika jikoni. Mimi hucheka zaidi hapo, nisamehe. Fawlty Towers, kile kichekesho cha Waingereza cha hotelini, ina sehemu 12 tu, usinichagulishe. Na ile ya Seinfeld, kichekesho kingine cha Marekani, ya 1991, marafiki wanasubiri meza mgahawani mpaka wanakata tamaa na kuondoka, ndipo wanaitwa! Wewe yako ipi?